Viwanda vya Chai Kutoka Kericho Hadi Boito

Msafiri atokaye mji wa Kericho akielekea nchi ya Konoin, hata akafika Boito katika Kaunti ya Bomet, huona vitu viwili njia nzima. Cha kwanza ni michai, iliyofunika vilima na mabonde kama mkeka uliotandikwa. Cha pili ni majengo makubwa yenye paa za mabati na dohani zitoazo moshi, ambayo hutokeza hapa na pale katikati ya mashamba. Majengo hayo ni viwanda vya chai. Wenyeji wa karibu huyazoea hata wasiyatazame tena. Hata hivyo, kila jengo lina habari zake, na mtu akizifuata atajua mambo mengi yaliyoipata nchi hii kwa muda wa miaka mia moja: ardhi iligawanywaje, nani aliruhusiwa kupanda chai, nani alikatazwa, na fedha itokayo katika jani ilikwenda mfukoni mwa nani.

KWA NINI KIWANDA KIWE KARIBU NA SHAMBA

Yafaa kwanza kueleza jambo moja ambalo mkulima wa chai analijua vizuri, lakini mnywaji wa mjini pengine hajapata kulifikiri. Mahindi yakivunwa huweza kukaa ghalani miezi mingi. Kahawa ikiisha kuoshwa na kukaushwa huweza kungoja bei. Jani la chai halingoji. Likichumwa asubuhi huanza kubadilika pale pale ndani ya kikapu. Likishindiliwa ndani ya gunia, au likiachwa juani, hupata moto, hugeuka rangi kuwa jekundu, na utamu wake hupotea. Kwa hiyo majani yaliyochumwa leo hayana budi kufika kiwandani leo.

Tena jani bichi ni zito kwa sababu limejaa maji. Kilo nne au zaidi za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Kuyasafirisha mbali ni sawa na kulipa nauli ya maji. Hizo ndizo sababu mbili zilizofanya viwanda vya chai vijengwe vilimani, katikati ya mashamba, wala si katika miji mikubwa kama Nairobi au Mombasa.

Lakini sababu hizo hizo huleta shida nyingine. Mtu mwenye jani lisiloweza kungoja hawezi kushindana juu ya bei na mtu mwenye kiwanda. Akikataa bei leo, kesho hana kitu cha kuuza. Msomaji akikumbuka jambo hilo, ataelewa upesi habari zinazofuata.

NDANI YA JENGO

Umbo la kiwanda cha chai hutokana na kazi ifanywayo ndani. Viwanda vya zamani vya Kericho vilikuwa na orofa juu ya orofa, na madirisha mengi pande zote. Orofa hizo zilikuwa za kunyausha majani. Majani yalitandazwa juu ya vitambaa au nyavu zilizopangwa kama rafu, na upepo ukapita katikati yake kwa muda wa saa kumi na mbili hadi kumi na nane, mpaka sehemu ya maji ikatoka na jani likawa laini. Kisha majani yaliteremshwa chini kwenye mashine za kusokota. Baadaye yalivumbuliwa mabirika marefu ya kunyaushia, yanayopulizwa hewa kwa feni kutoka chini. Tangu hapo hapakuwa na haja tena ya kujenga orofa nyingi kwa ajili ya upepo.

Badiliko jingine lilitoka Assam katika Bara Hindi. Mnamo mwaka wa 1930 mtu aitwaye William McKercher alitengeneza mashine yenye magurudumu mawili ya chuma yenye meno, yanayozunguka kwa mwendo usio sawa. Jani likipita katikati yake hukatwa, huraruliwa na kuviringishwa kwa wakati mmoja. Chai ya namna hiyo hutoa rangi kali upesi ikitiwa maji ya moto, nayo ndiyo ifaayo kwa vifuko vidogo vya karatasi vinavyotumbukizwa kikombeni. Leo sehemu kubwa sana ya chai ya Kenya hutengenezwa kwa njia hiyo.

Jani likiisha kukatwa huachwa lipate hewa kwa muda wa saa moja au mbili, nalo hugeuka kutoka rangi ya kijani kuwa ya shaba. Hapo msimamizi hupaswa kuwa macho, maana likizidi kukaa chai hupooza, na likipungua huwa kali na chungu. Kisha hutiwa katika tanuri la hewa ya moto, ambalo hulikausha mpaka maji yabakie kiasi cha sehemu tatu tu katika mia. Mwisho chai huchekechwa, ikagawanywa kwa ukubwa wa chembe, ikaonjwa na kufungwa. Zamani ilifungwa katika masanduku ya mbao nyembamba yaliyotandikwa karatasi ya madini ndani. Siku hizi hufungwa katika mifuko ya karatasi ngumu.

Moto wa matanuri huhitaji kuni nyingi. Ndiyo maana kando ya kila kiwanda msafiri ataona misitu ya mikaratusi iliyopandwa kwa mistari. Tena mito ya nchi hiyo, iteremkayo kutoka msitu wa Mau, ilitumiwa na kampuni kubwa kuzungushia mitambo ya umeme ya viwanda vyao.

KAMPUNI ZA KWANZA

Chai haikuanzia Kericho. Mche wa kwanza katika Kenya ulipandwa Limuru mwaka wa 1903. Wakati huo reli ilikuwa imekwisha kufika ziwani, kwa maana garimoshi lilifika Kisumu mwaka wa 1901. Stesheni ya Lumbwa, ambayo sasa huitwa Kipkelion, ndiyo iliyokuwa mlango wa Kericho.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, serikali ya kikoloni iliwapa askari Wazungu waliojeruhiwa vitani ardhi kubwa katika nchi ya Wakipsigis. Watu hao walikusudia kulima kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Bei ya kitani ikaanguka, na mpango wao wote ukavunjika. Hata hivyo ardhi ile haikurudishwa kwa wenyeji. Katika miaka ya 1924 na 1925 kampuni mbili za Kiingereza zilizokuwa na uzoefu wa chai ya Bara Hindi, yaani Brooke Bond na James Finlay, ziliingia Kenya. Kampuni ya Finlay iliunda kampuni iliyoitwa African Highlands Produce, nayo ikachukua mashamba mengi yaliyokuwa ya wale askari. Hapo ndipo viwanda vikubwa vya Kericho vilipoanza kusimamishwa.

Pamoja na viwanda yakaja majengo mengine. Nyumba za wafanyakazi zilijengwa kwa safu zilizonyoka, nazo huitwa laini hata leo. Waliokaa humo walitoka sehemu nyingi: Wakipsigis wenyewe, na pia Wajaluo, Wakisii na Waluhya. Yalijengwa mashule, zahanati na viwanja vya mpira. Mjini, wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka ya nguo, sukari na vyombo vya bati. Mwaka wa 1951 kiliwekwa Kericho chuo cha kuchunguza mambo ya mmea wa chai kwa faida ya Afrika ya Mashariki yote. Katika miaka hiyo ya 1950 pia kampuni ya Brooke Bond ilijenga hoteli kubwa ya Tea Hotel, ambayo jina lake latosha kuonyesha mji huo ulikuwa ukiishi kwa kitu gani.

MLANGO ULIOFUNGWA

Katika miaka hiyo yote Mwafrika aliichuma chai, aliibeba na kuipakia, lakini hakuruhusiwa kuipanda katika shamba lake. Wakubwa wa wakati huo walisema kwamba chai ya watu wengi wadogo ingekuwa mbaya na ingeharibu jina la chai ya Kenya. Tena, kuanzia mwaka wa 1933, nchi zenye kuuza chai nyingi zilipatana kupunguza chai iendayo sokoni ili bei ipande, na Afrika ya Mashariki nayo ikawekewa mpaka katika kupanda miche mipya. Mpaka huo uliwafaa waliokwisha kuwa na mashamba.

Habari ya ardhi nayo iliacha jeraha ambalo halijapona. Mwaka wa 1934 ilitungwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ambao ni ukoo wa Orkoiik, waliokuwa viongozi na waaguzi wa Wakipsigis. Walichukuliwa pamoja na wake na watoto wao wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, nchi ya joto na maradhi. Wazao wao, pamoja na Wakipsigis wengine waliotolewa katika ardhi iliyogeuka kuwa mashamba ya chai, wamepeleka madai yao mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya, mbele ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na hata katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikata muda wa mikataba ya ardhi ya wageni usizidi miaka 99, hali zamani baadhi ya mikataba ilikuwa ya miaka 999. Lakini kupunguza miaka ni jambo moja, na kumridhisha mtu aliyepoteza kaburi la babu yake ni jambo jingine.

VIWANDA VYA WAKULIMA WADOGO

Mlango ulianza kufunguliwa katika miaka ya 1950. Mpango wa kilimo wa mwaka wa 1954, uliotungwa na bwana R. J. M. Swynnerton wa Idara ya Kilimo, ulikubali kwamba Waafrika wapande mazao ya kuuza nchi za nje, chai ikiwa mojawapo. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilifunguliwa Ragati katika Nyeri mwaka wa 1957. Katika Kericho, wakulima wa kwanza hawakuwa na kiwanda. Majani yao yalipelekwa katika viwanda vya kampuni kubwa. Jani lilikuwa lao, lakini tanuri lilikuwa la mtu mwingine.

Mwaka wa 1960 iliundwa mamlaka ya kusimamia mazao hayo, na mwezi wa Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya Uhuru, pakaundwa Mamlaka ya Kuendeleza Chai ya Kenya, ijulikanayo kwa herufi KTDA. Ilipata mikopo kutoka Benki ya Dunia na kwa shirika la maendeleo la Uingereza. Kazi yake ilikuwa kugawa miche, kufundisha uchumaji wa majani mawili na kichipukizi, kununua majani, kutengeneza barabara za chai, na kujenga viwanda. Wapo wataalamu waliokuwa na shaka kama mtu mwenye eka moja angeweza kuleta jani zuri. Wakulima waliwajibu kwa vikapu vyao. Leo zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo, ambao idadi yao yapita 600,000, na Kenya imekuwa ya kwanza duniani kwa kuuza chai nyeusi katika nchi za nje.

Kiwanda cha Litein kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo vya wakulima katika Wilaya ya Kericho. Vingine vikafuata kadiri michai ilivyoenea kuelekea kusini na kwenye ukingo wa msitu wa Mau. Nchi ya Konoin peke yake ina Mogogosiek, Kapset, Kobel na Boito. Pamoja na viwanda hivyo yalijengwa majengo mengine madogo ambayo mgeni huyapita bila kuyatazama, yaani vituo vya kununulia majani. Kituo ni paa la mabati juu ya nguzo, meza ya kuchambulia majani, na mizani. Jioni wake kwa waume hupanga mstari na vikapu vyao, karani hupima na kuandika, na lori likaja kuchukua magunia. Barabara ikiharibika kwa mvua na lori likakwama, jasho la siku nzima huishia kutupwa.

Kilipojengwa kiwanda cha karibu, mambo mengi yalibadilika. Safari ya jani ilifupika. Vijana walipata kazi ya mitambo, ya ukarani na ya udereva. Penye kiwanda paliota soko, na penye soko yakajengwa maduka ya mawe, hoteli za chai na mandazi, posho mili, benki na vyama vya akiba. Mwaka wa 2000 ile mamlaka ya serikali iligeuzwa kuwa kampuni. Kampuni hiyo humilikiwa na kampuni za viwanda, na kampuni za viwanda humilikiwa na wakulima kwa hisa zao. Kwa hiyo mwanamke wa Boito abebaye kikapu mgongoni, ikiwa hisa zimeandikwa kwa jina lake, ni mmoja wa wenye jengo lile lenye dohani.

MJI WA VINU KATIKA MAREKANI

Katika Marekani uko mji uitwao Minneapolis, ambao ulikua kwa sababu ya vinu vya kusaga ngano. Vinu hivyo vilijengwa kando ya maporomoko ya Saint Anthony katika mto wa Mississippi, ili maji yazungushe mawe. Kinu kimoja kikubwa, kilichoitwa Washburn A, kilijengwa mwaka wa 1874. Mwaka wa 1878 vumbi la unga lilishika moto kikalipuka, wakafa watu kumi na wanane, nacho kikajengwa upya. Kuanzia mwaka wa 1880 mji huo uliongoza duniani kwa kusaga unga, na uliendelea hivyo kwa muda wa miaka hamsini. Halafu kazi ikahama. Ngano haiharibiki njiani, na wenye mali waliona faida kuisaga mahali pengine, hasa Buffalo. Kinu cha Washburn A kilifungwa mwaka wa 1965, kikaungua mwaka wa 1991, na mwaka wa 2003 magofu yake yakafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho. Watalii huenda kutazama mahali ambapo zamani watu walipata riziki.

Je, viwanda vya Kericho na Boito vyaweza kupatwa na mambo kama hayo? Kwa upande mmoja viko salama zaidi. Ngano yaweza kumfuata mwenye kinu hata nchi ya mbali, lakini jani bichi haliwezi. Maadamu michai iko Konoin, kiwanda hakina budi kuwa Konoin. Kisichotulia ni umiliki na faida.

Ushahidi uko wazi. Brooke Bond ilinunuliwa na kampuni ya Unilever mwaka wa 1984. Unilever nayo iliiuza biashara yake ya chai kwa kampuni nyingine ya Ulaya mwaka wa 2022. Mashamba ya Finlay yaliuzwa mwaka wa 2023 kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Jengo halikusogea hata hatua moja, lakini mabwana wamebadilika, na mazungumzo ya kuuziana yalifanywa mbali sana na laini za wafanyakazi. Mashine za kuchumia nazo zimeingia, moja ikifanya kazi ya watu wengi. Mwezi wa Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto katika Kericho na watu wenye hasira ya kukosa kazi.

FAIDA HUPOTELEA WAPI

Hata mwenye hisa hana budi kuwa macho. Chai ikitoka kiwandani husafiri mpaka Mombasa, ambako mnada umefanyika tangu mwaka wa 1969; kabla ya hapo ulifanyika Nairobi kuanzia mwaka wa 1956. Huko waonjaji huonja na wanunuzi wa nchi nyingi hutaja bei. Mkulima hupata malipo ya kwanza kila mwezi, na baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwezi wa Juni hupata salio, ambalo wote huliita bonasi. Wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, wakiwamo wa Bomet na Kericho, wamekuwa wakipata bonasi ndogo kuliko wenzao wa pande za Mlima Kenya, kwa sababu chai ya mashariki hupata bei ya juu mnadani. Mwaka wa 2021 serikali iliweka bei ambayo chini yake chai ya wakulima wadogo isingeuzwa mnadani. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, lakini chai nyingi ililala ghalani bila mnunuzi, na sharti hilo likaondolewa baadaye.

Mkulima hawezi kuamuru bei ya Mombasa. Hata hivyo yako mambo yaliyo mikononi mwake. La kwanza ni uchumaji. Jani gumu likichanganywa na kichipukizi haliwezi kugeuzwa kuwa chai nzuri na mashine yo yote, na uzembe wa shamba moja hushusha bei ya wote wapelekao majani katika kiwanda kile. La pili ni mizani. Kila mtu na atazame kipimo chake kikiandikwa, aihifadhi risiti, na kuilinganisha na malipo ya mwisho wa mwezi. La tatu ni hisa. Nyumba nyingi zina hisa zilizoandikwa kwa jina la babu aliyekwisha kufariki, na wanaochuma kila siku hawana jina katika daftari. Jambo hilo lirekebishwe mapema kwa njia ya sheria, kabla halijaleta ugomvi katika ukoo.

La nne ni mkutano wa mwaka. Wakurugenzi wa kiwanda huchaguliwa na wakulima, na hesabu husomwa mbele yao: kuni ziligharimu kiasi gani, umeme kiasi gani, deni la mitambo limebaki kiasi gani. Mtu asiyehudhuria huwaachia wengine wasemee jasho lake. Babu zake walichuma chai miaka thelathini bila ruhusa ya kuipanda, na wengine walipanda chai bila kuwa na tanuri la kuikaushia. Leo jengo liko kilimani, dohani inatoa moshi, na jina lake limo katika daftari la wenyewe. Siku ya mkutano na aende, akae mbele, na aulize.